Chanika tunanunua, ila mchoro tunauona wapi?

Mhariri, salaam kwako na wasomaji wote. Makala zenu za viwanja kila nikizisoma ni Goba, Madale, Bunju na Kigamboni tu, huku kwetu Ilala ni kama mji umeishia uwanja wa ndege. Sasa sisi wapangaji wenye mishahara ya kawaida hatuendi Goba kutafuta pa kujenga, tunaenda Pugu, Chanika, Msongola na Kivule, na ukitaja Chanika ofisini unachekwa eti huko si Kisarawe tu. Chekeni, hata Mbagala ilichekwa na leo nenda katafute kiwanja Rangi Tatu uone.

Mi nimeshazunguka Chanika na madalali na bado nataka kununua huko, lakini kuna mambo madalali wanayazungusha. Siku hizi wimbo wao ni SGR, ile reli ya kisasa. Kweli stesheni ya Pugu ipo na treni ya Morogoro imeanza kubeba abiria tangu Juni 2024, ila jamani hiyo ni treni ya safari, mtu anayewahi kufungua duka Kariakoo asubuhi haimhusu sana, huyo anahusika na daladala na mwendokasi ya barabara ya Nyerere, na yenyewe mwisho wake ni Gongo la Mboto kwahiyo wa Chanika ataunganisha tu. Afu kuna ile "dakika tano toka lami", hawasemi dakika tano za bodaboda au za mguu, na hawasemi masika inakuwaje. Ushauri wangu nenda kipindi cha mvua. Kivule na Kitunda kule watu wanajua mto Mzinga ulivyokuwa unakula kingo, wachimba mchanga nao wanausaidia, nyumba iliyokuwa mbali na mto inajikuta iko ukingoni.

Vipimo ndo vichekesho kabisa. Unauziwa miguu 20 kwa 20, yaani hatua za mtu, na mguu wenyewe ni wa dalali, akiwa mfupi imekula kwako.

Ila kikubwa kilichonifanya niandike ni karatasi. Ukinunua kiwanja ambacho hakijapimwa mnaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti anaita majirani, mnaandikishiana, mnagonga muhuri, unaombwa ile asilimia kumi ya mtaa, mnapeana mikono basi unatoka unajiona mwenye ardhi. Muhuri ule una kazi yake sikatai, unaonyesha muuzaji anajulikana na majirani wamekubali mipaka. Lakini mwenyekiti hana mchoro wa mipango miji, ile ramani ya nini kimepangwa kukaa wapi, pale mezani, hajui kama hapo ulipochomeka mti wako wa mpaka Jiji limepangia shule au barabara ya mita kadhaa au eneo la wazi. Na Chanika kuna la ziada, msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi uko jirani pale, sasa mtu akikuuzia eka kwa bei ya kutupa upande huo wa msitu ujiulize mara mbili kwanini anaitupa.

Watu wamesahau Kimara haraka sana. 2017 nyumba zilivunjwa kuanzia Kimara mpaka Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, hifadhi ya barabara ikahesabiwa mita 121.5 kila upande, na zile hazikuwa vibanda, zilikuwa nyumba za vigae zenye umeme na maji. Umeme wa Tanesco kufika kwako hauna maana kwamba kiwanja ni salama, hilo tulielewe, maana madalali nguzo ya umeme wanaionyesha kama vile ni hati.

Kwahiyo mimi nimeamua bora kidogo kilichopimwa, chenye namba ya kiwanja na kitalu, hata kama ni nusu ya ukubwa wa hiyo miguu 20. Chenye hati unakwenda kwa Msajili wa Hati unafanya upekuzi unajua ni cha nani na kama kimewekwa rehani benki. Ambacho hakina hati unaenda ofisi ya ardhi ya Jiji uulize mchoro, na hapo ndo kazi ilipo, kwa mtu anayekaa Msongola na kibarua chake kuomba ruhusa siku nzima ya kazi kwenda kuulizia kiwanja cha mtu ambacho hata hajaamua kununua, wengi hawaendi, wanaishia kumwamini dalali.

Ombi langu kwa Jiji kupitia gazeti lako, ile michoro iliyokwisha kupitishwa ibandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa, ukutani, kubwa, mtu aone kabla hajatoa hela. Gharama yake ni karatasi na gundi. Na nyie waandishi mkija huku Chanika kuandika bei, mumuulize na mwenyekiti kama anao mchoro.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam