Praktikali yenye jibu kabatini

Ndugu Mhariri,

Vyuo vikuu vyetu husema kazi zao ni tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Ukitazama ratiba ya shahada ya kwanza, mbili za mwanzo hazikutani mpaka mwaka wa mwisho, mwanafunzi anapoambiwa atafute mada ya tasnifu. Sisi tunaofundisha kemia tunaona hapo ndipo tunapochelewa. Mwaka wa pili mzima mwanafunzi hupima sampuli ambazo majibu yake yamo kabatini kwa fundi sanifu wa maabara, na yamo pia kwenye ripoti za waliomtangulia zinazozunguka mabwenini. Anachojifunza ni kulifikia jibu lile kwa njia yoyote, hata kwa kupika takwimu. Tunapendekeza utafiti uingizwe mapema, ndani ya praktikali (kazi za vitendo maabarani) za kozi ya lazima.

Maswali yasiyo na jibu kabatini hayako mbali. Maji ya miteremko ya Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Ndiyo maana meno ya kahawia ni jambo la kawaida Arumeru, na anayeyanywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huathirika hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi mbili jirani zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo swali la “hii ina kiasi gani?” ni la kweli, na elektrodi ya floraidi, kifaa kinachochovywa kwenye maji kupima kiasi chake, inatosha kulijibu.

Tuseme darasa lina wanafunzi 120. Wagawe wanne wanne, upate vikundi 30. Kila kikundi kipewe vyanzo viwili vya maji, lakini kila chanzo kipimwe na vikundi vitatu visivyojuana, chupa zikiwa na namba tu. Hapo vyanzo ni 20 na vipimo vya kulinganisha vipo. Kila sampuli isomwe mara tatu, na kila usomaji upewe dakika tatu ili namba itulie: jumla ni saa tisa za elektrodi. Ukiwa na elektrodi mbili, vipindi viwili vya saa mbili na nusu vinatosha, na dakika zinazobaki ni za kuhakiki vifaa. Kazi yote, kuanzia kusoma waliyoandika wengine hadi ripoti, huchukua wiki sita.

Maabarani, gramu 0.221 ya sodiamu floraidi iliyokaushwa, ikiyeyushwa katika lita moja ya maji yasiyo na madini, hutoa miligramu 100 za floraidi kwa lita. Kutokana nayo izimuliwe miyeyusho ya kulinganishia ya miligramu 0.5, 1, 2, 5, 10 na 20 kwa lita. Mililita 25 za kila myeyusho, na za kila sampuli, huchanganywa na mililita 25 za bafa, yaani myeyusho unaoshikilia pH (kipimo cha uasidi) kati ya 5 na 5.5 na kuachanisha floraidi na aluminiamu na chuma. Elektrodi ikiwa nzima, kila floraidi inapoongezeka mara kumi usomaji hushuka kwa milivolti 54 hadi 60. Ukishuka pungufu ya hapo, msianze kupima sampuli.

Kosa la mara kwa mara ni kutia bafa kwenye sampuli na kusahau kuitia kwenye miyeyusho ya kulinganishia. Matokeo hutoka karibu nusu ya ukweli: maji yenye 2.4 yanasomeka 1.2, na kisima kisichofaa kinapewa cheti. Katika praktikali ya zamani, mwanafunzi akiona 1.2 na kabati linasema 2.4, anafuta anaandika 2.4. Vikundi vitatu vikitofautiana juu ya chupa moja, hakuna pa kuchungulia. Lazima warudi kwenye madaftari wamtafute aliyekosea, na tunaamini somo lenyewe hasa ni hilo. Makosa mengine ni madogo lakini yanaharibu kazi: namba ya sampuli kuandikwa kwenye kifuniko wakati vifuniko hubadilishana, chupa kutosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale ya chanzo, au sampuli kupimwa ikiwa bado baridi kuliko miyeyusho ya kulinganishia.

Alama ndizo zinazoamua kama mpango utafaulu. Ukizitoa kwa “jibu sahihi”, umerudisha kabati. Tunapendekeza 40 kati ya 100 ziende kwenye daftari: kalamu ya wino, hakuna ukurasa unaochanwa, namba iliyokosewa inapigwa mstari mmoja ibaki inasomeka. Thelathini ziende kwenye kueleza tofauti kati ya vikundi.

Wapo watakaotukumbusha kwamba chuo kikuu cha MIT cha Marekani kina mpango wa wanafunzi kufanya utafiti na wahadhiri tangu 1969. Mpango ule ni mzuri, ila humuunganisha mwanafunzi na mtafiti mmoja mmoja. Kwetu mhadhiri mmoja ana darasa zima. Utafiti usipoingizwa kwenye kozi ya lazima, utawafikia wachache waliothubutu kubisha hodi ofisini.

Kuna hatari pia ya wanafunzi kugeuzwa vibarua, wachote maji na data iondoke na mhadhiri. Darasa zima lipewe jedwali zima, na kikundi kitakachoendelea nalo kwenye tasnifu kiwe na haki hiyo. Vilevile kijiji kisipewe namba mbichi za wanafunzi. Mtendaji wa kijiji aombwe ruhusa kabla ya kuchota, na matokeo yanayozidi 1.5 yapelekwe kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, yakapimwe upya kabla ya mtu yeyote kuambiwa aache kisima chake.

Idara haihitaji mtaala mpya kwa hili. Inatosha kubadilisha praktikali moja katika kozi moja, na kuagiza chupa na kemikali za bafa kabla muhula haujaanza.

Wahadhiri wa kemia