Miaka 70 ya Bibi: mahali pamebadilika

Assalaam aleikum jamaa zangu,

Ufukweni Shela Jumamosi hii hatuendi tena. Upepo wa kusi umekaza, na pilau yenye mchanga hailiki. Tutakutana kwa Bibi, Langoni, uani, saa kumi na nusu baada ya alasiri.

1. Mchango: shilingi 500 kila nyumba, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku. Nyama inanunuliwa Ijumaa asubuhi.
2. Mahamri na mbaazi ni dada zetu wa Mkomani. Halwa na kahawa nitaleta mimi. Mikeka, vijana.
3. Hili ndilo kubwa: kila mtu aje na jambo moja la mwaka huu analomkumbukia Bibi, alisimulie mbele yake. Ile siku alipofunguliwa bandeji ya jicho akamkazia macho mjukuu wake, "Kumbe una ndevu!", nishaichukua mimi, tafuteni zenu. Dakika mbili tu kwa mtu. Wenye hotuba ndefu tunawajua.

Tafadhali andika hapa "Nipo" au "Sipo" kabla ya Jumatano usiku, na idadi ya watoto utakaokuja nao.

Keki Bibi anaijua. Habari ya masimulizi asiambiwe.