Mgawo wa wagonjwa wa nyumbani uhesabiwe kwa dakika

Ndugu Mhariri,

Wauguzi wanaotembelea wagonjwa majumbani hapa Mtwara mara nyingi hugawiwa kazi kwa idadi: sita huyu, sita yule. Usawa huo ni wa kwenye karatasi. Kupima presha na kukagua dawa ni kama dakika 15. Kusafisha kidonda kikubwa cha mguu, kukifunga na kujaza faili ni kama 45. Mmoja atamaliza kwa saa moja na nusu, mwenzake anahitaji saa nne na nusu kabla hujahesabu njia. Anayeumia ni mgonjwa wa mwisho kwenye orodha: atafungwa kidonda harakaharaka, au hataonwa kabisa.

Anayepanga aanze na wasioweza kusubiri. Insulini ya mchanganyiko, dawa ya kisukari, huchomwa kama dakika 30 kabla ya kula. Muuguzi akifika saa nne asubuhi, mgonjwa ama ameshakula, ama ameshinda na njaa. Huyo atangulie hata kama yuko nje ya njia. Mama aliyejifungua na kichanga chake nao wasipitishe siku ya tatu. Wa kupimwa presha tu anaweza kusogezwa kesho. Mwenye mpira wa mkojo pia, maadamu haujaziba.

Ndipo ije njia. Msanga Mkuu ni pua na mdomo na mjini, lakini pantoni inangojwa kwenda na kurudi. Wagonjwa wa huko wawekwe siku moja, muuguzi mmoja, na asipangiwe mgonjwa wa saa maalumu baada ya kuvuka. Mikindani iko barabara ya Lindi, Naliendele ya Newala. Kumpa mtu mmoja zote asubuhi moja ni kumchosha bure. Msimu wa korosho apigiwe simu mwangalizi wa mgonjwa jioni ya kuamkia siku ya ziara, maana huenda atakuwa shambani na mlango umefungwa.

Vidonda visafi vitangulie, vyenye usaha vije mwisho, hata njia ikirefuka. Vijidudu husafiri kwa mikono na mkoba.

Tunawaomba waganga wakuu wa halmashauri waongeze safu mbili kwenye fomu za mgawo: dakika za huduma, na saa ambayo mgonjwa hapaswi kupitishwa. Na kila zamu ibakiziwe saa moja tupu, kwa ajili ya mpira ulioziba au pikipiki iliyokwama kwenye tope.

Wauguzi wa huduma za majumbani,
Mtwara