Barua kwa mwanangu kuhusu furu wa Ghuba ya Mwanza

Mwanza, 12 Julai

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili, kwa sababu swali uliloliuliza mwishoni, pale mwandiko unapoonyesha kwamba karatasi ilikuwa inakuishia, limenigusa kuliko habari nyingine zote. Umeandika kuwa mwalimu amewafundisha kwamba spishi mpya hutokana na spishi zilizotangulia, nawe ukajiuliza: kama ndivyo, mbona tangu babu yako aanze kuvua hakuna aliyewahi kumwona sato akigeuka sangara? Swali hilo ni zuri, mama, wala usilionee haya. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewaona wanafunzi wengi wakijibu mtihani vizuri huku picha hiyo ya sato anayegeuka ikibaki vichwani mwao bila kuguswa, na ningependa kwako iondoke mapema.

Hakuna samaki anayegeuka kuwa samaki mwingine. Sato huzaliwa sato, huishi sato na huingia wavuni akiwa sato. Yeye na sangara ni jamaa wa mbali mno, kama watu wa ukoo mmoja ambao mababu zao waliachana zamani sana, na hakuna hata mmoja aliyemzaa mwenzake. Kinachobadilika ni jamii nzima ya samaki, kizazi baada ya kizazi. Watoto wa mama mmoja hawafanani sawasawa, kwa kuwa kila mmoja hupata mchanganyiko wake wa jeni, na mara chache jeni hunakiliwa kwa kosa dogo na hapo huzuka sifa ambayo wazazi hawakuwa nayo. Wengi hufa wangali wadogo. Wale ambao maumbile yao yanawafaa zaidi mahali walipo ndio hufikia kuzaa, na sifa zao huongezeka katika kizazi kinachofuata. Huo ndio uteuzi asilia, ambao maelezo yake yaliyoandikwa na Charles Darwin na Alfred Russel Wallace yalisomwa mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1858.

Hata hivyo, uteuzi asilia waweza kuibadilisha jamii moja bila kuigawa ikawa mbili. Wewe umeuliza juu ya kugawanyika, na kwa hilo hatuhitaji kwenda mbali na nyumbani.

Unakumbuka siku bibi yako alipoleta furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kutoka Ukerewe, ukampasua mmoja kinywa ukakuta vijisamaki vimejaa humo, ukalia ukisema amewala watoto wa wenzake? Hakuwa amewala, alikuwa anawalea, kwa maana mama furu hubeba mayai yake kinywani na kuendelea kuwahifadhi watoto humo mpaka waweze kujitegemea. Ulipotulia nilichukua ncha ya kisu nikakutolea koromeoni mwa furu wawili kijifupa chenye umbo la pembe tatu. Hilo ni taya la pili, kwani furu ana taya za mdomoni za kukamatia na taya za kooni za kusagia. Kijifupa cha kwanza kilikuwa kinene na meno yake yamekuwa bapa kama magego, kwa sababu mwenyewe alikuwa mla konokono. Cha pili kilikuwa chembamba, na meno yake ukiyapitishia kidole yalikuna kama msasa. Kwa nje ulisema samaki hao ni wale wale.

Katika Ziwa Victoria zimewahi kuwapo spishi zipatazo 500 za furu. Wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliovunja konokono, waliochuja vidudu vya majini, waliowinda samaki wenzao, na hata walioishi kwa kunyonya mayai na watoto kutoka vinywani mwa mama wengine. Sasa sikiliza jambo ambalo hadi leo hunifanya nitazame ziwa kwa macho mengine: tope lililochimbwa sakafuni mwa ziwa linaonyesha kwamba lilikauka, na kwamba maji yalirudi miaka ipatayo 15,000 tu iliyopita. Wengi wa furu tunaowajua, pamoja na maumbo yao, wamejitenga katika muda huo, ambao kwa mwanajiolojia ni kufumba na kufumbua. Uchunguzi wa jeni zao umeonyesha pia kwamba mababu zao walikuwa wa damu mbili, ukoo mmoja wenye jamaa upande wa Kongo na mwingine wa mito ya juu ya Nili, waliochanganyika zamani kabla ya ukame huo. Mchanganyiko ule uliwaachia akiba kubwa ya tofauti, na maji mapya yalipojaa kukawa na cha kuteua.

Njia rahisi ya jamii kugawanyika ni kutenganishwa. Nchini Uganda kuna Ziwa Nabugabo, dogo, ambalo ukingo wa mchanga ulilikata kutoka Ziwa Victoria miaka elfu chache iliyopita, na tayari lina spishi zake za furu zisizopatikana penginepo. Kila upande umejikusanyia mabadiliko yake pasipo kuoana na upande wa pili, na hapo hakuna kigumu cha kueleza. Kigumu ni kugawanyika mahali pamoja, ambapo hakuna mchanga wala mlima katikati, na hiki ndicho ninachotaka ukielewe vizuri.

Karibu na mdomo wa Ghuba ya Mwanza kuna kisiwa cha mawe kiitwacho Makobe. Pembezoni mwake wanaishi furu wawili ambao wataalamu wamewapa jina la kwanza Pundamilia, kwa ajili ya mistari yao. Madume wa aina moja wana rangi ya kijivu na buluu, nao hukaa kwenye maji ya kina kifupi. Madume wa aina ya pili wana mgongo mwekundu na ubavu wa njano, nao hukaa chini zaidi. Hao wanaitwa Pundamilia nyererei, jina walilopewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu. Majike wa pande zote mbili ni wa rangi iliyofifia, na ni wao wanaochagua dume. Katika maji ya ziwa letu nuru ya buluu hufifia upesi kadiri unavyoshuka, na nyekundu ndiyo inayofika chini. Jeni zinazotengeneza macho ya furu wa chini zimeelemea kuiona nyekundu kuliko zile za wenzao wa juu. Basi jike wa chini humwona vizuri dume mwekundu na kumfuata, na jike wa juu humfuata wa buluu. Hakuna anayewazuia kukutana, maana umbali kati yao ni mita chache tu, ila hawachaguani, na kwa kutochaguana kila upande umebaki na jeni zake.

Watafiti waliwaweka majike hao kwenye matangi yenye taa nyeupe, na kila mmoja alikwenda kwa dume wa aina yake. Walipobadilisha taa zikawa za rangi ya chungwa, ambayo haikuonyesha tofauti ya nyekundu na buluu, majike hawakubagua tena. Watoto waliozaliwa kwa mchanganyiko huo walikuwa wazima na waliweza kuzaa. Kwa hiyo usiifikirie spishi kama sanduku lililofungwa kwa kufuli. Ni jamii inayozaana yenyewe kwa yenyewe, na mpaka wake huanza ukiwa mwembamba sana, pengine wa rangi na macho tu, kabla haujawa ukuta usiovukika.

Na mpaka huo mwembamba unaweza kufutika. Ukiingia ndani zaidi ya ghuba, mpaka kisiwa cha Luanso, maji ni ya tope, na huko humpati mwekundu kamili wala wa buluu kamili, bali furu wa katikati, waliofifia, wanaozaana wote kwa pamoja. Udongo unaosombwa kutoka mashambani na uchafu unaorutubisha mwani unazidi kulitia ziwa ukungu, na hili linaniuma sana, kwa kuwa spishi mbili zinaweza kutoweka pasipo samaki hata mmoja kufa. Sangara, ambaye aliletwa kuanzia miaka ya 1950, tunamlaumu kwa haki, kwani alipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilimalizika. Giza la maji halilaumiwi na mtu.

Wapo pia waliosalia wakabadilika. Furu mmoja mla vidudu, ambaye dume wake ana kichwa chekundu, aliadimika kabisa wakati wa sangara, kisha akarudi akiwa na mashavu yenye eneo kubwa zaidi la kuvutia hewa, yanayomfaa katika maji yaliyopungukiwa oksijeni. Hayo yalitokea katika muda usiozidi miongo miwili, babu yako akiwa bado anavua.

Ukija likizo ya Desemba nitakodi mtumbwi twende Makobe asubuhi, kabla upepo haujaanza, na tutatega wavu mdogo juu na mwingine chini. Taya zile mbili bado ninazo, zimo ndani ya kichupa cha dawa juu ya kabati, na lile la mla konokono limepoteza jino moja. Bibi yako anakusalimu sana.

Akupendaye,
Baba