Barua kwa yaya wangu: nimeingia mu mayi

Yaya, ndugu yangu mkubwa, jambo yako. Nakuandikia hapa mbele ya watu wote juu nikikupigia simu utaanza kulia kabla sijamaliza. Soma polepole mpaka chini, ndipo ukasirike. Kile kiapo cha kutoingia tena mu mayi (maji), ulichoniapisha pale Kyeshero kwetu Goma, mimi na miaka 9, shati linachuruzika, wewe na kandambili mkononi, nimekivunja. Na si kuogelea tu Yaya, nimezama, mita 18, tena nimelipa pesa yangu mwenyewe ili wanifundishe kuzama (kiasi gani sikuambii).

Ilikuwa hivi, semina ya Dar iliisha Ijumaa, mwenzangu akasema twende Unguja tukaone, tukapanda boti, tukafika mpaka Nungwi kule kaskazini kabisa, na mbele ya mgahawa kuna ubao wameandika kozi ya kuzamia siku 4. Nikacheka. Usiku sikulala. Asubuhi nikaenda kuuliza bei, najidanganya eti nauliza tu.

Mwalimu ni kijana wa kulekule, mwembamba, maneno machache. Akaniuliza unaogopa nini. Nikasema naogopa mayi. Akanitazama. "Unaogopa mayai?" Wote wakaangua kicheko, na kutoka siku ile jina langu likawa Mayai, hata mzee wa mashine ya boti ananiita Mayai, Mayai shika kamba.

Lakini shida haikuwa mayi, shida ilikuwa wewe. Unakumbuka njia ya Lac Vert tulikuwaka tunapita kwenda shambani kwa bibi? Siku ile tulikuta mbuzi wa jirani kwenye lile shimo, amelala ubavu, hana kidonda, macho wazi, na wewe ukanikamata shingo: mazuku hiyo, bana pumzi, kimbia, usiiname! Ile hewa ya volkano ni nzito, inatulia mashimoni kama mayi mu beseni, haina rangi haina harufu, mtu mzima anapita amesimama wima hajui kitu, mbuzi na mtoto ndio wanaanguka. Miaka yote tulipita pale mashavu yamejaa kama chura. Basi mwili wangu ukashika somo moja: fasi ikikutisha, bana pumzi.

Na sheria ya kwanza ya kuzamia, kabla ya zingine zote, ni usibane pumzi. Hata kidogo.

Tulianzia kwenye mayi mafupi, tumepiga magoti mchangani, mtungi mgongoni. Zoezi lenyewe unatoa kile kidude cha kupumulia mdomoni, unakirudisha, na kila sekunde kiko nje unapuliza vipovu vidogo vidogo. Mimi nikitoa, nafunga. Kifua kama ngoma. Mwalimu ananigonga hapa kifuani na vidole viwili, ananionyesha mdomo wake, vipovu vinapanda taratibu kama sombe inayochemka kwa moto mdogo. Narudia, nafunga. Narudia, nafunga. Mwishowe nikamwonyesha dole gumba, yaani niko sawa kaka usijali, naye papo hapo akanikamata jaketi akanipandisha. Kumbe kule chini dole gumba maana yake tupande! Kusema uko sawa unaunganisha gumba na kidole cha shahada, duara. Nilitoka nakohoa chumvi, hasira imenijaa, nikamwambia basi, nimeacha.

Hakubembeleza. Macho yake yalikuwa ku sakoshi yangu. Kulikuwa na chupa ya plastiki, ile niliyomaliza kunywa asubuhi ya kuondoka Goma nikaifunga vizuri, na ilikuwa imebonyea ubavuni kama gari limeikanyaga. Akauliza nani ameikanyaga. Hakuna, imefika hivyo. Kwenu ni juu kiasi gani? Nikamwambia ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari. Alifurahi kama ameokota pesa. Hewa uliyofungia humu ni nyepesi, akasema, hii ya pwani imeikandamiza. Sasa shuka baharini mita 10 tu, mkandamizo unakuwa mara 2, hewa inabaki nusu. Halafu wewe ukiwa hukohuko chini vuta pumzi ujaze kifua, funga mdomo kama ulivyozoea, panda. Ile hewa inataka kuwa mara 2. Itapita wapi, Mayai?

Akaiminya ile chupa, akaiachia, ikalia pak.

Mchana ule nilipuliza.

Ya Mnemba, kile kisiwa tulikoenda kuzamia, sitaeleza sana. Masikio yanauma kama hubani pua ukasukuma hewa kila ukishuka kidogo. Rangi nyekundu inapotea, kamba ya saa yangu niliiona ya udongo. Kasa mmoja alitupita bila haraka, kama mama wa soko anayejua bei yake. Ila nilikuwaza wewe, na ziwa. Kivu inafika karibu mita 480, na ile gesi wanayotutishia kuwa siku moja itatoka ghafla imeyeyuka mu mayi ya chini kabisa, imekandamizwa na uzito uleule niliokuwa nausikia masikioni. Nimekulia kando ya ziwa lile, na imebidi niende mpaka bahari ya wengine ndipo nielewe.

Kurudi pia kulikuwa na sheria. Hupandi ndege siku hiyohiyo, na mwalimu akasema kwa mtu wa milimani hata basi usilikimbilie, maana naitrojeni iliyoingia mu damu inaweza kutoa povu kama bia ya Primus ukiifungua. Nikangoja siku nzima naangalia watu wanakula pweza.

Mama hajui bado. Mwambie wewe, lakini akiwa amekaa.

Ile chupa ninayo. Asubuhi ya kuondoka niliifungua pale ufukweni, ikajinyoosha, nikaifunga tena tupu. Sasa iko juu ya meza hapa Goma, imevimba, ngumu kama mpira. Sijaigusa. Jumapili ukija uifungue mwenyewe, utasikia hewa ya Nungwi inatoka tsss, na usibane pumzi.

Mdogo wako,
Mayai