Barua kwa Zuhura, kabla hujaacha benki

Mwanza

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka huku ziwani. Watoto hawajambo, mama magoti yanamsumbua ila anatembea. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa masjala, nikacheka mpaka karani akaniangalia. Eti unataka kuacha benki urudi kwenye uwakili wa kesi za jinai kwa kuwa siku hizi kila kitu kiko kwenye simu, mtu anatetea akiwa sebuleni kwake! Ujumbe wa sauti hautoshi kukujibu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwenye kuwasilisha nyaraka umesema kweli. Tangu zile kanuni za 2018 za kufungua kesi kwa mtandao, foleni tulizozijua zimekwisha. Napandisha maombi usiku, asubuhi naamkia mambo mengine. Mfumo ukisumbua siku ya mwisho ya kukata rufaa utaijua presha ni nini, lakini hayo tuyaache. Hukumu za Mahakama ya Rufani nazo ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, wakili wa Sengerema anazisoma sawasawa na wa Posta, Dar. Hilo silibezi.

Kilichobadilika hasa ni ushahidi. Unakumbuka kesi za unyang'anyi tulizofundishwa zilivyosimama juu ya utambuzi? Nani alimwona nani, kwa mwanga gani, kwa umbali gani. Hukumu ya Waziri Amani ya 1980, inayoonya juu ya utambuzi wa aina hiyo, tuliikariri kama sala. Sasa shahidi aliyeona anaweza asiwepo kabisa. Inakuja printauti ya simu. Namba fulani ilimpigia fulani saa nane usiku, ikashika mnara fulani, na imesajiliwa kwa alama za vidole za mshtakiwa. Ukumbi mzima unamgeukia kijana kizimbani kana kwamba ameshakiri.

Nikusimulie moja, kwa kuwa imekwisha. Majina na kisiwa nimeviacha. Wavuvi walivamiwa usiku ziwani kwa mapanga, mashine ya boti ikachukuliwa. Ni unyang'anyi wa kutumia silaha, unajua mwenyewe: dhamana hakuna, na ukitiwa hatiani ni miaka isiyopungua 30. Aliyekamatwa ni kijana ambaye laini iliyosajiliwa kwa jina lake ilikuwa imepiga simu usiku ule, ikashika mnara wa upande ule ule wa tukio.

Kesi ilianza kwa kutajwa kwa njia ya video. Mtindo huo ulishika kasi wakati wa korona, na 2021 ukapata kanuni zake. Hakimu yuko mahakamani, mahabusu wamebaki gerezani, wanaonekana kwenye runinga. Faida yake ipo: karandinga likiharibika, kesi haziahirishwi kwa sababu hiyo tena. Wanaahirisha kwa sababu ile nyingine, upelelezi haujakamilika, na siku hizi inasomwa kwa dakika moja na mtu anarudishwa ndani bila hata kupigwa na jua la nje. Zamani, wakisubiri kuitwa, nilikuwa napata nafasi ya kuinama kwenye nondo za mahabusu ya mahakama nikamwuliza mteja maneno mawili matatu. Kwenye runinga nilimwuliza huyu kijana kama ana la kuniambia. Nyuma yake amesimama askari magereza, pembeni wamekaa mahabusu wenzake kwenye benchi. Akasema, "Sina, mama." Kila tarehe jibu likawa hilo hilo.

Nikaenda gerezani mwenyewe. (Safari zangu za ng'ambo ya ziwa nazo zimekuwa fupi tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025. Kwa upande wangu, teknolojia iliyonifaa kuliko zote ni ile ya zege.) Tukakaa chini ya mti, askari akiwa mbali kidogo, na maneno yakatoka. Laini ile aliisajili yeye, lakini alimsajilia tajiri wake, mwenye mtumbwi, ambaye wakati huo kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka. Ilikuwa ya kupokelea pesa za samaki. Yeye hakuwahi kuishika tena. Na kwenye lile benchi la mbele ya kamera, mmoja wa waliokaa alikuwa mpwa wa tajiri.

Baada ya hapo nilijua cha kutafuta. Niliomba mahakama iamuru taarifa ya miamala ya ile laini, si zile simu za usiku mmoja tu. Ikaja, nikakaa nayo na kalamu nyekundu. Miezi mingi kabla ya tukio, pesa zote zilitolewa kwa wakala mmoja, kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ambapo kijana hakai wala havui. Shahidi wa kampuni ya simu nilimwuliza kama kumbukumbu zake zinaonyesha nani alishika simu. Hapana. Mnara unaonyesha mtu alisimama wapi? Hapana, unaonyesha mnara uliohudumia simu. Na juu ya maji mawimbi yanafika mbali zaidi? Akakubali. Wavuvi wote mle ukumbini walitikisa kichwa kukubali, maana kisiwani kwao simu hushika mnara wa ng'ambo kila siku. Mpelelezi naye akaeleza kwamba ile printauti alitumiwa kwa barua pepe, akaichapisha kwenye steshenari ya mtaani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama ipime kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa, na uadilifu wake ulivyolindwa. Hapo sikuwa na haja ya kupaza sauti.

Aliachiwa huru. Zaidi ya mwaka alikuwa ameshaumaliza ndani.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nipunguzie hizo video kwenye kesi zisizo na dhamana, au unipe robo saa ya faragha na mteja kabla kamera haijawashwa. Mashine zinaongezeka upande wa mashtaka, na anayeweza kuniambia zimekosea wapi ni yule yule wanayemweka mbali na mimi.

Kuhusu zile programu za akili unde unazozisifu, kijana wa ofisini kwangu anazitumia kuandalia hoja. Simkatazi. Ila kila kesi aliyoinukuu lazima anifungulie TanzLII niione kwa macho yangu. Wale mawakili wa New York walitozwa dola 5,000 mwaka 2023 kwa kuwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Hapa kwetu mwenye kuumia zaidi angekuwa aliye gerezani.

Sasa ombi langu. Kule kwenu yupo yule kaka anayechunguza wizi wa mitandaoni, uliyesema anasoma kumbukumbu za simu kama gazeti. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ina wataalamu wake na maabara yao. Mimi sina hata wa kumpigia nikaeleweshwa. Mwulize kama anaweza kuja kusimama kama shahidi wa utetezi, na kwa kiasi gani. Mwambie wateja wangu ni wavuvi, asije na bei za benki. Nina kesi nyingine inaanza kusikilizwa mwezi ujao, hii ni ya kamera ya duka ambayo saa yake ilikuwa nyuma.

Wako,
Sabina