Ukienda Natron masika, weka siku ya akiba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni ndefu kidogo ila nimekaa nayo wiki tatu sasa, nimeona nisipoandika saa hizi masika itaisha watu watasahau na mwakani yatajirudia yale yale.

Mimi ni mama wa miaka 43, nauza vitambaa soko la Mbuyuni hapa Moshi. Kwetu ni Kibosho, nimekulia mgombani, maji ya mfongo, ule mfereji wetu Wachagga wa kumwagilia, yanapita nyuma ya nyumba usiku na mchana, kwa hiyo nyika nilikuwa naiona tu kwenye dirisha la basi nikienda mahali pengine. Mwaka jana nikajiunga na kikundi cha kutembea, haya makundi ya WhatsApp ambayo siku hizi yamejaa Moshi na Arusha, tukaanza na vya karibu, maporomoko ya Materuni, njia za Marangu, halafu mwishoni mwa mwezi wa nne mratibu akaleta tripu ya magofu ya Engaruka na Ziwa Natron. Kutoka Ijumaa mchana, kurudi Jumapili usiku. Watu 23, Coaster moja.

Sasa kabla sijasema kilichotupata nataka niseme nilichokiona, maana sitaki mtu asome hapa aseme huyu mama anatutisha tusiende. Nendeni. Na nendeni masika, au masika inapoishia, maana nchi ile mwezi wa kumi inakuwa vumbi na mawe tu lakini mwezi wa nne na wa tano inavaa. Ukishaacha barabara kuu pale Mto wa Mbu ukaingia njia ya Selela, ukuta wa Bonde la Ufa unakuwa mkono wako wa kushoto mrefu kama umechongwa, na chini yake majani mabichi yametandikwa hadi unasahau kwamba watu wanapaita jangwa. Walimu wa jiografia watasema siyo jangwa kamili ni nusu jangwa, sawa, ila jua lake halijui hiyo nusu. Migunga ilikuwa imetoa maua yale madogo meupe ya mviringo, nyuki wanalia juu kama mashine ya kusaga, na chini kuna maua ya zambarau yanatambaa kwenye mchanga mtupu, unajiuliza yanakunywa nini. Tulimwona swala twiga amesimama kwa miguu miwili ya nyuma, shingo ameinyoosha anakula majani ya juu, katulia kabisa kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba. Watu wazima 23 tulinyamaza kimya.

Nimesoma kwamba nchi zingine hii ndo safari ya kupangia mwaka mzima. Afrika Kusini kule Namaqualand mvua zao zinanyesha wakati wa baridi, mwezi wa nane na wa tisa jangwa linajaa maua na watu wanasafiri mbali kuja kuyatembelea. Marekani wana bonde linaitwa Death Valley, mwaka 1913 lilipimwa joto la nyuzi 56.7 hapo mwezi wa saba, kwa hiyo wanaotaka kutembea kwa miguu wanakwenda miezi ya mwanzo wa mwaka kabla ya joto, na ikitokea mvua zilikuwa nzuri kama 2005 na 2016 maua yanafunika bonde. Sisi cha kwetu kiko mwendo wa siku moja kutoka Moshi, na masika ikiingia tunasema msimu umekufa, tunakaa ndani.

Engaruka ndo ilinishika zaidi. Yale magofu nilidhani ni kuta za nyumba tu, kumbe ni mashamba. Kuna matuta ya mawe na mifereji ya mawe, wataalamu wanasema waliishi wakulima pale kuanzia karne ya 15 mpaka ya 18 hivi, wakavuta maji ya mito inayoshuka kutoka juu wakayagawa kwenye nyika kavu. Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alichimba pale 1935. Mimi nilichuchumaa kwenye mfereji mmoja nikapitisha mkono kwenye mawe yaliyopangwa ubavuni, yamewekwa kwa kulala kidogo ili maji yasile udongo, na nikasema Ruwa wangu (Mungu wangu, kwa Kichagga), huu ni mfongo. Baba yangu alikuwa anapanga hivi hivi. Nilishindwa kuondoka, wenzangu wakawa wananiita kwenye gari.

Jumamosi jioni tukafika kijiji cha Engaresero karibu na ziwa, tukalala chini ya mlima Lengai, ule wa volkano. Kuupanda hatukuupanda, ule unaanzwa usiku wa manane na unataka pumzi ya kujiandaa. Jumapili saa kumi na moja alfajiri tukaanza kutembea kwenda ziwani na kijana wa pale kijijini anatuongoza, na hapo niseme neno kwa wenzangu wa mlimani. Natron iko kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, Arusha iko kama 1,400, kwa hiyo ule ubaridi wa asubuhi unaoujua usiutegemee. Saa tatu tu tope la magadi linang'aa hadi macho yanauma, jua linakupiga juu na chini. Heroe, wale ndege flamingo, walikuwa mbali, mstari wa waridi kwenye maji, na yule kijana akatuambia heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanaangulia hapo, hamna ziwa lingine wanalitegemea hivyo. Tuliona pia zile nyayo za watu wa kale kwenye majivu ya volkano yaliyoganda, ziko zaidi ya 400, zina miaka isiyopungua 5,000 na huenda zinafika 19,000. Kuna nyayo unaona kabisa vidole. Mimi nilikunywa lita nne kabla ya saa sita mchana na bado midomo ilipasuka, wengine walikuja na chupa moja ya lita moja na nusu kwa sababu tangazo la mratibu liliandika "beba maji", basi. Beba maji kiasi gani? Hilo neno linaweza kumlaza mtu chini ya mgunga. Mdada mmoja tulimpa maji yenye sukari na chumvi, kichwa kilikuwa kinamzunguka hajui tunaongea nini.

Lakini kilichofanya niandike ni korongo la maji.

Saa nne tulikuwa turudi tuingie kwenye bonde jembamba la mto kwenda kuoga maporomokoni, ilikuwa kwenye ratiba na hela ilishalipwa. Yule kijana akasimama. Akaniambia, "Yeyo (mama, kwa Kimasai), angalia kule juu." Juu ya ukuta wa Bonde la Ufa kulikuwa na wingu moja, jeusi chini, na sisi tuliko jua kali hakuna hata kivuli. Akasema kule inanyesha, leo hatuingii. Mratibu akabishana naye sana, kwamba tumelipia, kwamba watu wametoka mbali, kijana akasema hela nitawarudishia, na kweli akarudisha. Naomba hapa nimshukuru, jina lake siliandiki bila ruhusa yake, ila yeye anajijua.

Sisi wa mgombani hatuelewi hilo jambo. Kwetu mvua ikinyesha udongo unakunywa, migomba inakunywa, mto unapanda taratibu siku nzima. Kule juu ni ukuta na chini ni ardhi ngumu iliyokaushwa na jua miezi na miezi, majani machache, mvua ya saa moja inakosa pa kuzama inakusanyika yote kwenye korongo na inashuka kwa pamoja, na wewe uko chini kwenye jua hujapata hata tone.

Tukaondoka saa saba. Saa nane na kitu tukafika kwenye korongo moja kabla ya Engaruka, Jumamosi tulilipita kavu, mchanga mtupu, mbuzi wamelala ndani. Sasa lilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanafika kama gotini. Pembeni alikuwepo mzee wa kimasai na ng'ombe zake, anasubiri. Tukamsalimia, akachukua kijiti akakichomeka kwenye mchanga pale pale maji yanapogusa ukingo, akakaa. Hakusema neno. Baada ya muda mfupi tu kijiti kilikuwa ndani ya maji, kimezama kiasi cha vidole vinne. Akatuonyesha kwa fimbo. Akasema kwa Kiswahili chake, haya bado yanakuja, kaeni, usiku yataisha.

Usiku. Neno hilo ndo lilituponza. Kesho yake Jumatatu, mmoja ana kazi benki, mwingine mwalimu, mimi nina mzigo unashushwa asubuhi. Mratibu akaangalia saa akamwambia dereva Coaster iko juu, pita. Dereva hakutaka, alishuka akaangalia akarudi akasema bosi mi naona tusubiri. Akaambiwa gari ni la kukodi kwa siku, kesho atalipa nani. Na sisi nyuma, naomba radhi kwa Mungu, tukapiga kelele twende twende. Mimi pia.

Katikati gari likazima. Kwanza nilisikia harufu kabla ya kuona chochote, harufu ya samadi na udongo mbichi, halafu sauti kama lori linamwaga kokoto mbali. Kikaja kichwa cha maji, povu la kahawia limebeba matawi ya miiba na kinyesi cha mbuzi, siyo kikubwa kama kwenye sinema, labda futi mbili, lakini Coaster ililala upande kama mtu aliyesukumwa bega. Tulitokea madirishani. Morani wanne waliokuwa na wale ng'ombe waliingia wakashikana mikono, wakatupitisha mmoja mmoja, mie nilishikwa kwenye kanga nikavutwa kama gunia. Maji yalinifika kiunoni na miguu haikukaa chini, mchanga unaondoka unakanyaga hakuna. Hakuna aliyekufa. Mabegi yalikwenda, simu zilikwenda, mwalimu alivunjika mkono.

Tukalala ukingoni. Wale mama wa boma la karibu wakatuletea maziwa na shuka, hawakutuuliza hata hela. Na asubuhi saa kumi na mbili, mhariri, lile korongo lilikuwa kavu. Kavu kabisa, mchanga laini umepangwa kama umepigwa pasi, na mbuzi wanapita juu yake kwenda malishoni. Coaster iko pale imejaa mchanga mpaka kwenye viti. Mzee na ng'ombe zake alishavuka zamani.

Masaa ambayo tungekaa tumeyakaa hata hivyo, tumelowa, bila gari, na mwalimu analia na mkono.

Sasa ombi langu kwa waratibu wa haya makundi yote, Moshi na Arusha, siyo yule mmoja tu. Tripu ya nyika wakati wa mvua isiuzwe kama tripu ya Materuni ambako unarudi jioni. Wekeni siku ya akiba kwenye bajeti tangu mwanzo, hela ya gari siku moja zaidi, chakula cha siku moja zaidi, na mseme wazi kwenye tangazo kwamba kurudi ni Jumapili au Jumatatu kutegemea makorongo, ili mwenye kazi aombe ruhusa mapema au asije. Korongo likipitika, watu wanarudishiwa hela yao. Nimepiga hesabu na wenzangu, kwa watu 23 hiyo siku haifiki hata gharama ya kuitengeneza ile Coaster, na matengenezo hayo mpaka leo yanagombaniwa nani alipe. Dereva akisema tusubiri, iwe tumesubiri. Mwongozaji mwenyeji asiwe wa kupigia picha, yeye ndo anayejua wingu la juu linakuja kushukia korongo gani. Na maji muandike kwa lita, lita tano kwa kila mtu kwa siku ya kutembea, na nyingine ya ziada ibaki kwenye gari kwenye madumu.

Na kwa sisi tunaolipa, tuache kupiga kelele nyuma.

Wanawake tisa kutoka kile kikundi tumeshakubaliana tunarudi mwisho wa mwezi huu, mwezi wa tano. Nataka kuuona tena ule mfongo wa Engaruka kwa utulivu, na nimebeba shuka mbili za kuwapelekea wale mama wa boma. Tumechanga mpaka Jumanne. Dukani nimeshabandika karatasi mlangoni kwamba Jumatatu huenda sitafungua.

Mama wa Vitambaa,
Mbuyuni, Moshi